Kabla ya Waya Kufika Moyoni

Ugonjwa wa moyo Mombasa hauwi wa mtu mmoja. Mzee akianza kukatwa pumzi ngazini, haipiti siku kabla kundi la WhatsApp la ukoo halijafunguliwa, mchango haujaanza, na shemeji wa Nairobi hajatuma jina la hospitali anayoiamini. Kisha daktari anaandika eko, kipimo cha moyo kinachofanywa juu ya kifua. Nyumbani wanatazamana. "Eko tu, ami? Hata sindano hakuna?" Yupo atakayekumbusha kwamba jirani wa Majengo alipitishwa waya mpaka moyoni, akawekwa stenti mbili, vile vibomba vya kuushikilia mshipa wazi, na leo anatembea kama kijana. Kipimo kisichouma, kisichomlaza mtu na cha bei nafuu kuliko wenzake kinaonekana cha kumpotezea mgonjwa wakati.

Mimi naona kinyume chake. Kwa maradhi mengi ya moyo tuliyonayo hapa Pwani, eko ndiyo yenye majibu mengi, na angiogramu, ile picha ya waya unaopitishwa mpaka moyoni, ambayo barazani ina heshima zote, mara nyingi huitwa mapema mno. Picha ingepaswa kuchaguliwa kwa swali linalotafutiwa jibu. Sisi tunaichagua kwa bei yake na kwa urefu wa waya.

Eko ni ultrasaundi ile ile inayomtazama mtoto tumboni, ila imeelekezwa baina ya mbavu. Kifaa kinapeleka mawimbi ya sauti ambayo sikio haliyasikii, kinaupokea mwangwi wake, na mwangwi huo unajengwa kuwa picha inayocheza. Historia yake ingewapendeza watu wa bandari. Mwaka 1953, mjini Lund nchini Sweden, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz waliunasa mwendo wa moyo kwa mashine ya aina iliyokuwa ikitumika kukagua nyufa ndani ya vyuma, na ya kwanza waliyoijaribu iliazimwa kutoka karakana ya meli ya Kockums huko Malmö. Hadi leo kipimo hiki, kikifanywa kwa njia ya kawaida, hakina miale wala dawa ya kuchomwa, na mjamzito anapimwa bila wasiwasi.

Sasa yatazameni maradhi yenyewe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu robo ya Wakenya wazima wana presha ya juu. Presha ikiachwa miaka, ukuta wa chemba ya kushoto ya moyo unanenepa, unakuwa mgumu, mwisho unachoka. Hatua zote tatu zinaonekana kwa eko. Mtoto aliyeugua koo mara kwa mara bila kutibiwa, akapata homa ya rumatiki, vali zake zinaweza kubaki na makovu, zikashindwa kufunguka vizuri au kufunga. Eko inaziona vali zikicheza, na kwa teknolojia ya dopla inaonyesha damu inarudi nyuma kiasi gani. Mzazi aliyejifungua juzi, miguu imevimba, hawezi kulala bila mito mitatu, na bibi zake wanamwambia ni uchovu wa uzazi: huyo huenda moyo wake umepanuka, na dakika chache za eko zitasema. Maji yaliyojaa kuzunguka moyo kwa sababu ya kifua kikuu yanaonekana. Shinikizo linalopanda kwenye mishipa ya mapafu ya mgonjwa wa selimundu, maradhi ambayo familia nyingi za Pwani zinayajua kwa uchungu, linakadiriwa kwa mashine hiyo hiyo.

Kwa hiyo mgonjwa anayekatwa pumzi na kuvimba miguu akiambiwa aanze na eko, hajadharauliwa. Swali lake ni la vyumba, kuta na vali.

Tatizo huanza ripoti inapofika mikononi. Pale pana mstari unaotaja asilimia ya damu inayosukumwa nje ya chemba ya kushoto kwa kila pigo. Mama anasoma 58, anamgeukia kijana wake: "Mwanangu, ina maana nusu ya moyo imekufa?" La hasha. Moyo mzima kabisa hausukumi damu yote iliyomo. Kiwango cha kawaida ni kuanzia asilimia 50 na kitu hadi 70 hivi. Asilimia 58 ni moyo unaofanya kazi yake. Ndivyo ilivyo pia kwa maneno kwamba vali "inavuja kidogo sana". Watu wengi wasio na ugonjwa wowote wana uvujaji mdogo wa aina hiyo, na nimewaona watu wakianza kuishi kama wagonjwa kwa sababu ya mstari mmoja ambao hakuna aliyewafafanulia. Ripoti ingekuwa na sentensi mbili za Kiswahili chini yake, tungepunguza usiku mwingi wa kukosa usingizi.

Eko nayo ina pale inapokoma, na hapa mashabiki wake, mimi nikiwemo, tunapaswa kusema ukweli. Eko ya kawaida, mtu akiwa amelala ametulia, haionyeshi kama mishipa ya koronari, ile inayoulisha moyo wenyewe damu, imeziba. Mtu anaweza kuwa na mshipa uliobana vibaya na eko yake ikatoka safi. Anayekwambia "nilipimwa eko, mishipa yangu iko sawa" amejipa jibu la swali ambalo eko haikuulizwa. Inaweza kusaidia zaidi ikifanywa moyo ukiwa kazini, kwa mazoezi au kwa dawa ya kuuharakisha, kwani hapo sehemu ya ukuta inayokosa damu huanza kulegea. Na iko eko ya kumezwa, ambapo kifaa chembamba hupitishwa kooni hadi nyuma ya moyo ili kuona vali au bonge la damu kwa karibu; hiyo imesimama nusu njia baina ya vipimo vinavyoingia mwilini na visivyoingia.

Basi achana na mwenye kuvimba miguu. Mfikirie mchukuzi wa Kongowea ambaye kifua kinambana akibeba gunia na kutulia akiliweka chini, mwezi wa pili sasa. Huyu swali lake ni la mishipa, na hapa ndipo ukoo unapoanza kusema angio, angio.

Angiogramu ina historia ya ushujaa, pengine ndiyo maana inaheshimiwa hivi. Mwaka 1929, huko Eberswalde nchini Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alijipitishia katheta, mrija mwembamba, kupitia mshipa wa mkono mpaka moyoni, kisha akatembea kwa miguu hadi chumba cha eksirei ili apate ushahidi. Alilaumiwa zaidi ya kupongezwa, hadi Tuzo ya Nobel ilipomfikia mwaka 1956. Mwaka 1958 Mason Sones wa Cleveland, Marekani, alikuwa akipiga picha ya mshipa mkuu wa mgonjwa pale katheta ilipoteleza na dawa ya kuonyesha picha ikamiminika ndani ya mshipa wa koronari. Siku hizo waliamini jambo kama hilo lingeua. Mgonjwa alipona, na kwa bahati hiyo ikajulikana kwamba mishipa ya moyo inaweza kupigwa picha mmoja mmoja. Miaka 19 baadaye, Zürich, Andreas Grüntzig alipitisha puto njia hiyo hiyo na kuupanua mshipa uliobana.

Leo katheta inaingia kwenye kifundo cha mkono au kwenye kinena, mgonjwa yuko macho, amechomwa ganzi ya pale tu. Dawa yenye ayodini inamiminwa, eksirei inapigwa kama video. Ni kipimo kizuri sana. Ubora wake mkubwa ni kwamba daktari akikuta mshipa umeziba anaweza kuuzibua papo hapo. Lakini ni kuingia mwilini. Pana hatari ya kutokwa damu, ya mshipa kujeruhiwa, ya figo kuelemewa na dawa, ya kiharusi au mshtuko wa moyo. Kifo ni nadra sana, hasa kwa mtu ambaye hali yake imetulia, ila nadra haina maana ya kutokuwapo, na fomu ya ridhaa huwa imeyataja hayo yote kwa herufi ndogo.

Kuna udhaifu mwingine ambao hausemwi sana. Angiogramu inamwaga rangi ndani ya mshipa na kuchora pale damu inapopita. Ni kama kuupima mlango wa Kilindini kwa upana wa maji ya juu: unajua meli itapita wapi, hujui mwamba umejikunja vipi chini. Mafuta yaliyotuama ndani ya ukuta wa mshipa bila kuuziba hayaonekani, na mafuta ya namna hiyo ndiyo yanayoweza kupasuka siku moja na kuleta mshtuko. Hata pale mshipa unapoonekana mwembamba, jicho linakosea kupima kama misuli inakosa damu kweli. Ndiyo sababu palipo na vifaa hupitishwa waya wa kupima shinikizo kabla na baada ya sehemu iliyobana. Uwiano ukiwa juu ya 0.80, mara nyingi stenti haihitajiki hata kama picha inatisha.

Marekani, nchi isiyo na uhaba wa vyumba vya katheta, walijihesabu mwaka 2010. Kati ya wagonjwa karibu 400,000 ambao hawakujulikana kuwa na ugonjwa wa koronari na waliopelekwa angiogramu bila dharura, waliokutwa na mshipa ulioziba kiasi cha maana hawakufika asilimia 38. Waliobaki walipata habari njema kwa njia ya gharama na ya hatari isiyo ya lazima. Nikiwaza mchango wa harambee, magari yaliyouzwa, kiwanja cha Mtwapa kilichopigwa bei, takwimu hiyo inanikera zaidi hapa kwetu kuliko huko kwao.

Njia iliyopo katikati ni CT ya mishipa ya moyo. Dawa ya ayodini inachomwa kwenye mshipa wa mkono kama dripu ya kawaida, mashine ya eksirei inazunguka, mgonjwa anashikilia pumzi sekunde chache, na mishipa inachorwa bila katheta. Tofauti na angiogramu, CT inauona hata ukuta wa mshipa na mafuta yaliyojificha humo. Mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa DISCHARGE wa Ulaya, wenye wagonjwa 3,561 waliokuwa na maumivu ya kifua yasiyo ya dharura: nusu walianza na CT, nusu na angiogramu. Madhara makubwa yatokanayo na vipimo na matibabu yaliwapata asilimia 0.5 upande wa CT, asilimia 1.9 upande wa katheta. Mishtuko ya moyo, viharusi na vifo vya moyo havikutofautiana kwa kiasi cha kutegemewa. Yaani walioanza taratibu hawakupoteza kitu.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Scotland, SCOT-HEART, wenye wagonjwa 4,146. Waliopigwa CT juu ya vipimo vya kawaida, baada ya miaka mitano waliokufa kwa ugonjwa wa koronari au kupata mshtuko walikuwa asilimia 2.3, wenzao asilimia 3.9. Mtu atadhani walizibuliwa mishipa zaidi. Hapana, mpaka mwisho wa miaka hiyo waliozibuliwa walikuwa karibu sawa pande zote mbili. Kilichoelekea kuleta tofauti ni vidonge: picha iliwaonyesha madaktari nani ana mafuta ukutani, na huyo akaanzishiwa dawa ya kolesteroli na aspirini mapema. Dawa za namna hiyo zinauzwa mpaka kwenye maduka ya dawa ya Mwembe Tayari.

CT ina masharti yake. Mapigo ya moyo yanatakiwa yawe ya polepole, karibu 60 kwa dakika, kwa hiyo mgonjwa hupewa dawa ya kuyatuliza. Atakayekuja na vikombe vitatu vya kahawa chungu tumboni atawasumbua mafundi. Mishipa ya wazee yenye kalsiamu nyingi inang'aa kupita kiasi na kuharibu picha. Figo lazima zipimwe kwanza kwa kreatinini, na wenye kisukari wanaotumia metformini wamwambie daktari, kwa kuwa ikiwa figo ni dhaifu dawa hiyo husitishwa kwa muda. Miale ipo, japo mashine mpya zimeipunguza sana. Na si kila mashine ya CT inaweza kuukamata moyo unaocheza: kinachopiga picha nzuri ya kichwa huenda kisitoshe. Uliza kabla ya kulipa.

MRI, picha ya mashine ya sumaku, nitaipitia haraka. Haina miale, na hakuna kipimo kinachoonyesha kovu ndani ya misuli ya moyo vizuri kama yenyewe. Ni ya maswali mahsusi, baada ya eko kuacha kitendawili. Picha za nyuklia, za kuchomwa teknetiamu na kutazama damu inavyogawanyika moyoni, ni nzuri pia, ila teknetiamu hupoteza nusu ya nguvu yake kila saa sita, hivyo mji usio na mpango imara wa kuipata hauwezi kuitegemea.

Yote niliyosema mpaka hapa ni ya mtu aliyetulia. Maumivu makali ya kifua yanayodumu zaidi ya dakika chache, jasho baridi, maumivu kupanda taya au mkono, kutapika: hapo usijadili picha. Na wala usiyaite gesi, usinywe tangawizi ukasubiri. Anayehitajika ni mtu wa kukupima ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ndani ya dakika 10 za kufika hospitalini. Ikionyesha mshipa umeziba kabisa, katheta ndiyo mfalme, na hapo mimi ni shabiki wake wa kwanza, alimradi mgonjwa aweze kufikishwa ndani ya dakika 120. Asipoweza, miongozo ya kimataifa inataka achomwe dawa ya kuyeyusha bonge la damu hapo hapo, kisha asafirishwe. Mwenye kuishi Likoni ajipigie hesabu: foleni ya feri, foleni ya mjini, kisha uandikishaji na malipo. Treni ya SGR kwenda Nairobi ni zaidi ya saa tano. Hospitali yenye ECG, dawa hiyo na daktari mwenye ruhusa ya kuichoma bila kumpigia mkubwa wake simu inaokoa misuli zaidi kuliko ahadi ya chumba cha kisasa kilicho mbali.

Lakini mshtuko ni jambo moja na maumivu yaliyotulia ni jambo jingine, na barazani yanachanganywa. Yule jirani wa Majengo huenda alizibuliwa akiwa katikati ya mshtuko, na stenti ikamwokoa. Kwa mwenye maumivu ya kwenda na kurudi, utafiti wa ISCHEMIA, wagonjwa 5,179 kutoka nchi 37, ulionyesha mwaka 2020 kwamba kukimbilia katheta hakukupunguza vifo ukilinganisha na kuanza na dawa nzuri. Wenye maumivu ya mara kwa mara walipata nafuu ya maisha, na hiyo ni sababu halali ya kuwekewa stenti. Waliokuwa na mshipa mkuu wa kushoto uliobana au moyo dhaifu sana hawakuhusishwa, kwa hiyo daktari akikuta hayo usimbishie kwa makala ya gazeti. Swali la kumuuliza kabla ya kutia sahihi ni jepesi: "Daktari, kipimo hiki kikitoka vibaya tutafanya nini tofauti na tunachofanya sasa?" Daktari mzuri hulijibu kwa sentensi mbili. Akikasirika, tafuta maoni ya pili.

Tukija kwenye serikali, kaunti zetu zina ugonjwa ule ule wa ukoo: wanapenda mashine. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilianza kukodisha vifaa vya kisasa kwa hospitali 98, mbili kwa kila kaunti na chache za ziada za kitaifa. Kamati ya Seneti ilipokuja kuuchunguza mpango huo, ikaripoti mwaka 2020 kwamba vingine vilikuwa vimekaa bila kazi kwa kukosa watu, umeme au maji. Eko ina mtego wake hapa, kwa sababu mashine yenyewe si ghali kama CT lakini mkono ndio kipimo. Fundi asiyefundishwa ataukosa ugonjwa ulio mbele yake. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, watoto zaidi ya 100,000 walipimwa kwa eko kutafuta dalili za mwanzo za rumatiki. Watoto 818 waliokutwa nazo wakagawanywa, na katika waliochomwa penisilini kila wiki nne, ugonjwa ulisonga mbele kwa asilimia 0.8 tu ya watoto baada ya miaka miwili, dhidi ya asilimia 8.2 kwa wasiochomwa. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2021. Penisilini ni dawa ya zamani na ya bei ndogo. Kilichoifanya ifike kwa mtoto sahihi ni eko.

Kwa hiyo fedha za moyo zikipatikana Makadara, kwenye hospitali yetu ya rufaa, ningetaka za kwanza ziende kufundisha wapimaji wa eko na kuwapeleka Likoni, Tudor na Port Reitz siku maalumu kwa wiki, kabla ya mtu kukata utepe wa kitu kikubwa. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, nayo ingefanya vyema kulipia eko ya mgonjwa wa nje bila mizunguko, maana mgonjwa anayekwama kwenye kipimo cha bei ndogo ndiye anayerudi mwaka wa tatu akihitaji cha bei kubwa.

Na liko dogo ambalo halingoji bajeti ya mtu yeyote. Wagonjwa wetu wanapimwa eko Mombasa, wakifika Nairobi wanapimwa tena, wengine wakipelekwa India wanapimwa mara ya tatu, kwa sababu walibeba karatasi bila picha zenyewe. Daktari wa moyo haamini karatasi ya mwenzake asiyemjua, na sitamlaumu. Anataka kuona vali ikicheza. Kabla hujatoka dirisha la malipo, dai picha zako kwenye diski au flashi pamoja na ripoti, na uziweke nyumbani pale mnapoweka vyeti vya kuzaliwa.